Umeme wa Kambini: Anza na Waya, Paneli Baadaye

Zamani, kwenda kupiga kambi hifadhini kulihitaji vitu vichache tu vya umeme: tochi, betri kavu za akiba, na betri ya gari yenye nguvu ya kuwasha injini asubuhi. Leo gari linaloegeshwa kwenye uwanja wa kambi Seronera, Serengeti, au kando ya Mto Ruaha Mkuu, limebeba friji ya kompresa, betri ya lithiamu, paneli ya sola ya kukunja, taa za LED, simu nne, kamera na pengine kompyuta mpakato. Nyama inakaa siku nne bila kuharibika. Mwenye kisukari anaweza kulala porini wiki nzima huku akiba yake ya insulini ikiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 inavyotakiwa. Haya ni mageuzi ya kweli na ni mema, hasa kwa mtu ambaye zamani angeambiwa abaki nyumbani kwa sababu ya dawa zake.

Shida ni kwamba wengi hununua vifaa hivi kinyumenyume. Wanaanza na paneli kubwa na betri ya bei, halafu wanaviunganisha kwa waya uliobaki baada ya kujenga nyumba. Usiku wa pili friji inazima, na lawama zote zinaangukia betri.

Kabla ya kwenda dukani, kaa na karatasi. Kipimo cha kutumia ni wati-saa: wati za kifaa mara saa kinazofanya kazi. Friji ya volti 12 yenye ujazo wa lita 40 inakula wati 45 hivi kompresa inapozunguka, na haizunguki muda wote. Ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, ambako usiku watu huvaa makoti, inaweza kuzunguka robo ya siku tu. Ruaha mwezi wa kumi, joto likipita nyuzi 35 kivulini, hesabu nusu ya siku. Saa 12 mara wati 45 ni wati-saa 540. Taa mbili za wati 5, saa tano kila jioni, ni 50. Simu nne zinazochukua 20 kila moja, pamoja na kinachopotea wakati wa kuchaji, ni 80. Betri za kamera 30, kompyuta 60. Jumla ni wati-saa 760 kwa siku, na zaidi ya theluthi mbili zimeliwa na friji peke yake. Kwa hiyo kuhangaika kuzima taa hakukusaidii sana. Friji ndiyo ya kushughulikia.

Betri ya kawaida ya asidi ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi (ampea-saa mara volti 12), lakini ukiishusha mara kwa mara chini ya nusu unaiua mapema, kwa hiyo zako ni 600. Haimalizi hata siku moja ya hesabu hii. Betri ya lithiamu ile inayoandikwa LiFePO4, ya ampea-saa hizohizo 100 lakini volti 12.8, ina wati-saa 1,280, na unaweza kutumia asilimia 80 hadi 90 bila kuiumiza. Uzito wake ni kilo 12 hivi, wakati ile ya asidi inakaribia kilo 30. Hapo tofauti ya bei inaeleweka.

Sasa friji yenyewe. Kosa kubwa ni kuipakia vitu vya moto. Kupoza lita 10 za maji kutoka nyuzi 30 hadi 4 ni kuondoa joto la wati-saa zipatazo 300. Kompresa nzuri hailipi umeme wote huo, kwa kuwa inahamisha joto tu, lakini itazunguka saa nyingi bila kupumzika. Iwashe nyumbani kwenye umeme wa ukutani siku moja kabla ya safari, jaza vilivyokwisha kupoa, gandisha nyama na chupa mbili za maji. Asubuhi ya kuondoka friji ihamie kwenye betri ikiwa tayari imepoa, kazi yake iwe kulinda ubaridi tu. Wavu wa feni uachiwe nafasi ya sentimita 5 hadi 10, usisukumiziwe magunia ya mkaa na mifuko ya nguo. Friji isiyopumua inarudishia joto lake mwenyewe, na inaweza kuzunguka usiku kucha bila kufika kwenye nyuzi ulizoiwekea.

Kwa wenye insulini kuna tahadhari moja zaidi. Namba inayoonekana mbele ya friji ni ya pale kilipo kipima joto chake. Chini kabisa na kwenye kuta kunaweza kuwa kwa baridi zaidi, na insulini iliyoganda hairudi kuwa dawa hata ikiyeyuka. Iweke juu, ndani ya kopo lililozungushiwa kitambaa, na uwe na kipimajoto kidogo pembeni yake.

Tufike kwenye waya, maana ndiko friji nyingi zinakofia. Kompresa inavuta ampea 4 hadi 5, na sekunde ile inapoanza inavuta zaidi. Kutoka betri iliyo chini ya boneti hadi nyuma ya Land Cruiser ni mita 5, lakini umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 10 za shaba. Waya wa milimita za mraba 1.5 wa urefu huo una ukinzani wa omu 0.12 hivi. Ampea 5 zikipita, volti 0.6 zinapotea njiani. Betri ya asidi iliyobaki nusu ina volti 12.2, friji inaona 11.6. Friji hizi zina kinga ya kuzuia kumaliza betri ya gari, na ikiwa imewekwa ngazi ya juu nyingi hukata umeme kati ya volti 11 na 12. Basi kompresa inataka kuanza, volti zinazama, friji inakata. Inapumzika, volti zinapanda, inajaribu tena, inakata tena. Utaona kitaa chekundu kinamweka na ukiigusa betri kwa mita ya kupimia volti inakuambia iko sawa. Na kweli iko sawa.

Waya wa 2.5 unapunguza upotevu huo kuwa volti 0.35. Waya wa 6 unaushusha hadi 0.15, na huo ndio wa kununua. Uwe wa nyuzi nyingi laini, wa magari. Waya wa nyumba wa uzi mmoja mgumu unatikiswa na rasta za barabara ya kwenda lango la Naabi, Serengeti, mpaka unakatika ndani ya plastiki yake, na kwa nje huoni kitu.

Kipimo ni rahisi, na kila fundi umeme wa magari ana mita ya kukufanyia. Kompresa ikiwa inazunguka, pima volti kwenye ncha za betri, kisha pima pale plagi ya friji inapoingia. Tofauti ikizidi volti 0.4, kuna mahali umeme unakwama. Shika kila maungio kwa vidole. Penye joto ndipo penye ubovu, na mara nyingi ni kile kitundu cha kuwashia sigara, ambacho kimeshikiliwa na springi ndogo na hulegea gari likirukaruka. Kiondoe, weka plagi nzito inayoshikana imara, iitwayo Anderson, ya ampea 50, na vishikizo vya waya vibanwe kwa koleo lake maalumu. Kusokota nyaya na kuzifunga solatepu hakutoshi kwa gari la porini.

Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 20 ikiwezekana. Mafundi wengine huiweka nyuma, karibu na friji, kwa sababu ni rahisi kuifikia. Hapo hailindi kitu. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya, na waya ukisugua bodi ya gari ukachubuka kabla ya kufika kwenye fyuzi, betri itamwaga umeme wake wote pale mpaka plastiki iwake. Kwa waya wa friji, fyuzi ya ampea 15 inatosha. Beba tatu za akiba.

Baada ya waya, kinachofuata kununuliwa ni chaja ya kutoka betri ya gari kwenda betri ya kambi, ile ya volti 12 kwa volti 12. Zamani ilitosha swichi ya kuunganisha betri mbili injini ikiwaka. Kwa lithiamu swichi hiyo haifai: betri yenye njaa inavuta kila ampea ambayo altaneta, jenereta inayozungushwa na injini, inayo, na gari likitembea polepole kutafuta simba, altaneta inazunguka taratibu, haipoi, inaungua. Chaja inaweka kikomo. Ya ampea 20 inapeleka wati 270 hivi, na saa tatu za kuendesha zinarudisha wati-saa 800. Linganisha na 760 za hesabu yetu. Mtu anayezunguka hifadhini asubuhi na jioni, au anayehama kambi kila siku, hahitaji paneli ya sola hata moja. Ushauri huu hauwafurahishi wauzaji wa paneli, lakini ndio hesabu inavyosema.

Paneli ni ya anayekaa mahali pamoja siku mbili tatu bila kuwasha gari. Hapo nunua ya wati 200, na usitegemee wati 200. Ukanda wetu una kama saa 5 za jua kali kwa siku. Toa asilimia 30 kwa ajili ya joto, vumbi na kulala vibaya kwa paneli, unabaki na wati-saa 700. Joto lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kila nyuzi moja juu ya 25 inapunguza uzalishaji kwa asilimia 0.3 hadi 0.4, na paneli iliyotandazwa juu ya boneti nyeusi saa saba mchana inaweza kupita nyuzi 65. Isimamishe hewani, upepo upite nyuma yake. Kivuli ni kibaya zaidi: seli zimepangwa kama mnyororo, na tawi moja la mgunga likifunika seli chache linazuia umeme wa sehemu nzima ya paneli. Hema likae kivulini, paneli ikae juani, katikati pawe na waya mrefu.

Waya huo mrefu una jambo lake. Paneli nyingi za kukunja zinakuja na kontrola, kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye betri, imebandikwa mgongoni. Ukiiacha pale, mita zote zinabeba volti 13 na unapoteza nyingi. Ihamishie karibu na betri, ili waya mrefu ubebe volti 18 hadi 20 za paneli. Na kontrola iliyoandikwa MPPT siyo lazima iwe MPPT. Sokoni kuna vidude vyepesi vya plastiki vyenye maandishi hayo vinavyofanya kazi ya PWM, kontrola ya kawaida isiyobadilisha volti za ziada. Pima ampea zinazotoka kwenye paneli na ampea zinazoingia kwenye betri. MPPT ya kweli, jua likiwa kali, inaingiza kwenye betri ampea nyingi kuliko zilizotoka kwenye paneli, kwa kuwa inabadilisha volti za ziada kuwa ampea. Zikilingana, umeuziwa maandishi.

Simu usiichomeke moja kwa moja kwenye paneli ndogo. Wingu likipita, simu inashusha kiwango cha kuchaji, na wingu likiondoka nyingi hazipandishi tena mpaka uchomoe na kuchomeka upya. Tena simu iliyoachwa juani inapata joto na kukataa kuchaji kabisa. Chaji pawabanki mchana ikiwa chini ya kivuli cha paneli yenyewe, usiku chaji simu.

Na pawabanki zihesabiwe vizuri. Ile ya mAh 20,000 imepimwa kwa volti 3.7 za ndani, yaani wati-saa 74. Ukitoa zinazopotea, itajaza simu ya mAh 5,000 mara tatu hivi, siyo mara nne. Anayepanda ndege kwenda Arusha au Zanzibar akumbuke kanuni ya mashirika ya ndege: hadi wati-saa 100 unaingia nayo, kati ya 100 na 160 mpaka shirika likubali, zaidi ya 160 haipandi. Na zote ni za mkononi, kamwe siyo kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Yale masanduku ya umeme ya wati-saa 500 basi yanasafiri kwa barabara.

Inveta, inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, ni ya kuwashwa pale tu inapohitajika. Ikikaa tupu bila kazi, ya kawaida inakula wati 10 hivi. Ukiisahau siku nzima ni wati-saa 240, karibu theluthi ya bajeti yote. Kompyuta nyingi za sasa zinachaji kwa USB-C, kwa hiyo chaja ya gari ya wati 65 au 100 inaondoa haja ya inveta.

Kambi kubwa za mahema ya kitalii zinaendeshwa kwa hesabu hizihizo zikiwa zimekuzwa, na zimepiga hatua kubwa. Majenereta yamenyamaza kwenye kambi nyingi, na kule Maasai Mara kambi ya Emboo inachaji hata magari yake ya safari kwa jua. Wageni huuliza kwa nini wamepewa chaja za simu lakini wakakatazwa kikaushio cha nywele. Kikaushio cha wati 2,000 kwa dakika kumi kinakula wati-saa 333 tu, benki ya betri ya kambi haitikisiki kwa hilo. Lakini wageni kumi wakirudi kutoka kuangalia wanyama saa moja jioni na kuviwasha kwa pamoja, ni wati 20,000 kwa mkupuo, na inveta iliyopimwa kwa 10,000 inazima kambi nzima, pamoja na friji za jikoni na pampu ya maji. Menejimenti ikiwaeleza hivyo wageni, wengi wanaelewa. Karatasi ya "hairuhusiwi" iliyobandikwa mlangoni haiwaelezi chochote.

Kilimanjaro adui anabadilika, anakuwa baridi. Tangu Agosti 2022 shirika la simu la TTCL limefikisha intaneti ya kasi hadi kambi ya Horombo, mita 3,720, na hilo limeongeza usalama wa wapandaji, wapagazi na waongoza wageni. Ila mtandao hauna faida kwa simu iliyozimika. Kwenye baridi ya usiku wa kambi za Barafu au Kibo, volti za betri zinazama na simu inaweza kujizima ikiwa bado na asilimia 40. Ilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia, na usiku wa kilele ikae mfuko wa ndani kabisa, karibu na mwili. Usichaji betri ya lithiamu iliyo chini ya nyuzi sifuri. Lithiamu inajibandika ndani kama utando wa metali, na uwezo uliopotea haurudi. Ipashe moto kwa mwili kwanza, ndipo uchomeke.

Ramani nazo zimebadilisha safari. GPS ya simu haihitaji bando wala laini, inahitaji anga wazi na subira. Bila mtandao wa kuisaidia inaweza kuchukua dakika kadhaa kujua iko wapi. Pakua ramani za OsmAnd au Organic Maps ukiwa mjini, jaribu kuzifungua simu ikiwa kwenye hali ya ndege. Kinachokosea ni njia inayopendekezwa. Programu inaona mstari kwenye ramani, haijui kwamba mstari huo unapita kwenye udongo mweusi wa mbuga ambao baada ya mvua moja unalimeza gari mpaka ekseli. Haijui pia kwamba ndani ya Serengeti mwendo ni kilomita 50 kwa saa na usiku hairuhusiwi kuendesha. Muda inaokupa uongeze nusu yake, na njia ukamuulize askari wa getini.

Getini kwenyewe fedha taslimu hazina kazi tena. TANAPA, wasimamizi wa hifadhi za taifa Tanzania, wanalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, Ngorongoro ni mamlaka nyingine yenye malipo yake, na Kenya shirika la wanyamapori, KWS, wamehamia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni. Lipa ukiwa Iringa au Karatu, kwenye mtandao wa uhakika, na beba risiti iliyochapishwa pamoja na picha yake kwenye simu mbili. Mtandao wa getini ukikatika, mwenye karatasi ana cha kuonyesha.

Intaneti ya setilaiti ipo Kenya tangu Julai 2023 kupitia Starlink, na sahani ndogo inavuta wati 25 hadi 40. Ukiiwasha kwa muda wa saa nne kila jioni ni hadi wati-saa 160, ziingize kwenye hesabu. Unayevuka mpaka uliza kwanza mamlaka ya mawasiliano ya unakokwenda, maana leseni ya nchi moja haikulindi nchi ya pili. Kwa dharura peke yake, kifaa kidogo cha kutuma ujumbe kupitia setilaiti za Iridium kinatosha. Kinahitaji kulipiwa kifurushi kabla ya safari na anga lisilozibwa na miti. Jaribu kutuma ujumbe ukiwa nyumbani, na mpokeaji ajue namba ya gari, jina la kambi, na simu ya hifadhi ya kupiga endapo hutasikika.

Wiki moja kabla ya kuondoka, weka kila kitu uani kama kitakavyokaa porini. Friji ijae, waya ni uleule, fyuzi ni zilezile, chaja ya ukutani imechomolewa. Andika volti za betri saa kumi na mbili jioni, saa kumi na mbili asubuhi, na saa nane mchana, na kama betri yako ina programu ya Bluetooth andika pia asilimia. Lithiamu inabaki karibu na volti 13 mpaka karibu na mwisho kisha inaporomoka ghafla, kwa hiyo volti peke yake hazitakuonya. Asilimia na ampea-saa zilizotoka ndizo za kufuatilia. Acha iendelee mpaka friji izime yenyewe, hesabu saa ilizodumu, kisha ugawe kwa mbili. Hizo ndizo saa za kupangia safari.